Siku ya nane: chanjo za watoto enzi za ndui, na leo hapa Biliqo

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na wazee waliokusanyika kwenye zahanati ya Biliqo, kaunti ndogo ya Merti. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Wazee wetu, akina mama, Chifu, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, asanteni kwa kunikaribisha. Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari na kazi yangu katika kaunti ni mawasiliano. Mambo ya sindano mtaelezwa na muuguzi, ambaye yuko hapa nyuma yangu akipanga vifaa. Mimi nimeombwa nieleze chanjo za watoto zilianzaje katika sehemu zetu hizi, kwa sababu kila tukitangaza kampeni kuna mtu huuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona serikali inahangaika hivi na mtoto ambaye haumwi?

Nitaanza na mkono. Wazee mliozaliwa kabla ya mwaka 1980, wengi wenu mna kovu la mviringo juu ya mkono, karibu na bega. Kijana wa miaka ishirini hana kovu hilo. Yeye ana dogo, kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na hilo ni la chanjo ya kifua kikuu ambayo mtoto hupewa akizaliwa. Kovu la wazee ni la ndui. Vijana hawana kwa sababu ndui imekwisha duniani, na sehemu ya mwisho kuaga ugonjwa huo ilikuwa upande huu wetu wa Afrika. Nitafika huko.

Ndui ilikuwa ugonjwa wa namna gani, wazee waliusikia kwa wazazi wao. Katika kila watu 100 walioshikwa na ile ndui kali, karibu 30 walikufa. Waliopona walibaki na mashimo usoni, na wengine wakapoteza macho. Haikuwa na dawa. Mtu alipona mwenyewe au alizikwa.

Sasa rudini nami miaka mia moja na zaidi nyuma, tuseme mwaka 1910. Muuguzi wa leo ana orodha ndefu ya chanjo, lakini wakati huo mtoto wa Afrika Mashariki alikuwa na moja tu ya kutumainia, nayo ni hiyo ya ndui. Chanjo ya kifua kikuu alipewa mtoto kwa mara ya kwanza mwaka 1921, kule Paris. Ya dondakoo na ya pepopunda zilipatikana katika miaka hiyo hiyo ya 1920. Ya polio ilikuja 1955 na ya surua 1963. Kwa hiyo mkisikia mtu akisema watu wa zamani waliishi vizuri bila chanjo, mwambieni zilikuwa hazijatengenezwa, na watoto walizikwa.

Hiyo moja waliyokuwa nayo ilitoka kwa ng'ombe. Mwaka 1796 daktari wa Uingereza, Edward Jenner, alichukua majimaji kutoka kwenye malengelenge ya mkono wa mwanamke aliyekamua ng'ombe wenye ndui ya ng'ombe, akamchanja mtoto wa kiume, na baadaye mtoto huyo hakushikwa na ndui. Hata neno ambalo Wazungu hutumia kwa chanjo limetokana na neno la Kilatini la ng'ombe. Nadhani hapa Biliqo hakuna atakayeshangaa kuambiwa kwamba ng'ombe aliokoa watu. Pia si kwamba Waafrika walikuwa wamekaa tu wakisubiri Jenner. Jirani zetu wa Ethiopia walikuwa tayari na desturi ya kumchanja mtu mzima wa afya kwa usaha wa mgonjwa wa ndui ili augue kidogo na kisha asiugue tena. Ilikuwa hatari, wengine walikufa kwa hiyo, lakini wazo lenyewe halikuwa geni kwetu.

Kliniki ya wakati huo ilikuwaje? Ondoeni akilini jengo hili. Ondoeni friji, sola, kitabu cha mama na mtoto, hata kiti. Kliniki ilikuwa mtu mmoja aliyefundishwa kuchanja, begi lake, na mti wa kivuli. Chifu aliitisha watu. Ndani ya begi kulikuwa na vijibomba vyembamba vya kioo, vimezibwa ncha zote mbili, na ndani yake limfu, yaani yale majimaji ya chanjo, yakiwa yamechanganywa na gliserini ili yasioze upesi. Mchanjaji alivunja ncha ya kioo, akapuliza tone moja juu ya ngozi ya mtoto, kisha akaikwaruza ngozi kwa kisu kidogo au sindano mpaka limfu iingie. Kidonda hakikufungwa, maana limfu ingefutika. Mtoto alilia na mama akaondoka naye.

Lakini kazi haikuishia hapo, na hili ndilo jambo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza. Chanjo ya ndui ilikuwa inajionyesha yenyewe. Ikiwa imeshika, baada ya siku tatu au nne panatokea kipele, na kufikia siku ya saba au ya nane kipele hicho ni lengelenge lililojaa. Baadaye linakauka, gaga linadondoka baada ya wiki tatu hivi, na kovu linabaki. Pasipotokea kitu, limfu ilikuwa imekufa na mtoto hana kinga. Kwa hiyo mchanjaji alipaswa kurudi karibu na siku ya nane, akague kila mkono, na ambaye haijashika amchanje upya.

Mahali pengine hiyo siku ya nane ilikuwa na kazi ya pili. Limfu ikiisha, mchanjaji alitoa majimaji kwenye lengelenge la mtoto aliyechanjwa wiki iliyopita akamchanja mwingine, mkono kwa mkono. Njia hiyo iliokoa wengi, lakini pia ilihamisha magonjwa ya damu kutoka mtoto hadi mtoto, ndiyo maana Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1898. Mkiona leo muuguzi anafungua sindano mpya kwa kila mtoto, kisha anaitupa kwenye sanduku la manjano bila kuifunika, ni somo lililopatikana kwa gharama.

Basi fikirieni hiyo siku ya nane katika nchi ya wafugaji. Mchanjaji amekuja kisimani, amechanja watoto arobaini. Akirudi baada ya wiki, anakuta majivu na mavi ya ngamia. Mvua imenyesha upande mwingine na watu wamehama. Hakuna aliyekataa chanjo wala aliyemficha mtoto. Maisha yameendelea tu, na yeye hajui kama katika wale arobaini amekinga wote au hakukinga hata mmoja.

Adui wa pili alikuwa jua. Limfu iliyotoka Ulaya kwa meli, ikapita Bahari ya Shamu, ikashuka Mombasa, ikapanda treni hadi bara, kisha ikabebwa kwa ngamia au punda, mara nyingi ilifika ikiwa maji tu. Ndiyo maana serikali za kikoloni Afrika Mashariki zilianza kutengeneza limfu papa hapa, kwa kuwachanja ndama. Hata hivyo, kwenye joto kama hili la leo, iliharibika ndani ya siku chache.

Na sisi huku tulikuwa mbali kuliko wengine. Eneo lote hili liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, lilifungwa, na mtu alihitaji kibali kuingia na kutoka. Serikali ilishughulika zaidi na usalama na mifugo. Isiolo wenyewe mnajua ulivyokua: kituo cha serikali na karantini ya mifugo. Ng'ombe wa kaskazini alizuiwa pale asije akapeleka ugonjwa kwa ng'ombe wa walowezi kusini. Sisemi hivi ili kuamsha uchungu wa zamani. Nasema kwa sababu mzee akiniambia kwamba sindano za kwanza za serikali alizosikia zikitajwa zilikuwa za ng'ombe, namwamini.

Ndui ilishindwaje, basi, ikiwa mambo yalikuwa magumu hivyo? Haikushindwa kwa kuwalazimisha wafugaji wakae mahali pamoja. Ilishindwa kwa kuibadilisha chanjo. Katika miaka ya 1950, Mwingereza mmoja, Leslie Collier, alipata njia ya kuikausha limfu ikawa unga unaostahimili joto kwa wiki nyingi. Baadaye ikaja sindano ya ncha mbili, ambayo hata kijana aliyefundishwa kwa siku moja angeweza kuitumia. Kuanzia 1967 Shirika la Afya Duniani likaanza kuufuata ugonjwa kokote ulikokuwa. Timu zilitembea na wafugaji. Ethiopia ilipata mgonjwa wake wa mwisho mwaka 1976 upande wa Ogaden. Mwanzoni mwa 1977 wagonjwa wachache walionekana hapa Kenya, upande wa Mandera, wakitokea Somalia. Na Oktoba mwaka huo huo, katika mji wa Merca nchini Somalia, akaugua mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida.

Jina lake ni Ali Maow Maalin, na kisa chake kinafaa kukaa nacho kidogo. Alikuwa mpishi wa hospitali. Kazini kwake walijaa watu wa chanjo, lakini yeye hakuwa amechanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Alipanda gari moja na wagonjwa kuwaonyesha njia, safari ya dakika chache, ikatosha. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya polio nchini mwake, na kila alipokutana na mzazi anayesita alimsimulia yaliyompata ili asirudie kosa lake. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo ya kuwachanja watoto. Tangazo kwamba ndui imekwisha katika Pembe ya Afrika lilitolewa Nairobi tarehe 26 Oktoba 1979, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba imekwisha dunia nzima. Mwaka huo wa 1980 ndio Kenya ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa chanjo za watoto, ambao kliniki hii ni mtoto wake.

Wazee wananitazama kana kwamba nimesahau sotoka. Sijasahau. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 ikamaliza ng'ombe, na baada ya ng'ombe ikaja njaa ya watu. Hapa Kenya, pale Muguga, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka karibu mwaka 1960. Lakini nayo ilihitaji barafu, na barafu haikufika malishoni. Hatimaye ikapatikana aina inayoweza kukaa hadi siku 30 bila friji, na ikakabidhiwa wafugaji wenyewe, vijana waliofundishwa, wakaenda nayo kwa miguu mahali ambapo gari la serikali halifiki. Mgonjwa wa mwisho wa sotoka kujulikana duniani alikuwa nyati, mwaka 2001, katika Mbuga ya Meru. Ni hapo jirani, ng'ambo ya mpaka wa kaunti yetu. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha. Ndui na sotoka ni magonjwa mawili tu ambayo binadamu amewahi kuyafuta duniani, na yote mawili yalifikia mwisho wake katika nchi ya wafugaji.

Kuna ndugu wa sotoka ambaye bado yupo. Wanasayansi wanasema kirusi cha surua na kirusi cha sotoka ni wa ukoo mmoja. Surua ndiyo inayonitia wasiwasi mimi, kuliko ugonjwa mwingine wowote ambao muuguzi atautaja leo. Mgonjwa mmoja wa surua katikati ya watu wasio na kinga huambukiza watu 12 hadi 18. Mtoto aliyekonda kwa ukame akiipata, inashuka kifuani, inaharisha, inaharibu macho. Ili isienee, watoto 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Na kinga kamili ni sindano mbili, moja kwenye miezi 9 na nyingine kwenye miezi 18. Ile ya kwanza peke yake, kwa umri huo, huwakinga watoto kama 85 katika 100. Wale 15 hatuwajui ni akina nani. Enzi za ndui mchanjaji angetazama mkono akajua. Surua haiachi alama ya kukaguliwa, hivyo kila mtoto arudi.

Na hapo tumerudi kwenye siku ya nane. Akina mama wa hapa hawaogopi sindano. Wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, wanakuja. Miezi tisa wengi wanakuja. Miezi kumi na minane mtoto anatembea, ni mnene, hana shida, na mifugo imepelekwa Yamicha kwa sababu ganna imekuwa haba. Anakwenda na familia. Kitabu chake kinabaki kwenye sanduku hapa Biliqo.

Sasa niseme jambo ambalo afisa wa kaunti pengine hatarajiwi kulisema. Mzigo huu si wa mama peke yake. Ratiba ya kliniki ya kuzunguka ikipangwa ofisini bila kuwauliza wazee wa dedha mifugo iko wapi mwezi huo, tumemwaga mafuta ya gari bure. Nyinyi mnajua kabla ya bona kufika watu watakuwa kisima gani. Nimewaomba wenzangu wa afya waje kwenu kabla hawajachora ratiba, na nawaomba nyinyi, wakija, msiwape majibu ya adabu. Wapeni majina ya visima. Pia najua kwamba mwaka 2025 chanjo ya kifua kikuu na ya polio zilipungua nchi nzima, na kuna mama waliotembea mbali wakarudi bila kuhudumiwa. Chanjo hununuliwa na serikali ya kitaifa na kaunti huzifikisha kwa mtoto. Mgao ukikwama juu, aibu inamkuta muuguzi mlangoni. Mama aliyerudishwa mara moja ni vigumu kumrudisha tena, na hilo tunalielewa.

Kwa upande wenu, mambo ni machache. Mkihama, mwambieni mhudumu wa afya ya jamii kabla ya kufunga mizigo, siyo baada. Kitabu kiende na mtoto, na kama mnaogopa kitapotea au kitaliwa na mbuzi (msicheke, kimewahi kuliwa), pigeni picha kurasa za chanjo kwa simu. Picha inatosha kumwonyesha muuguzi yeyote. Chanjo ni bure katika vituo vya umma, na haijalishi mmevuka mkawa Marsabit, Samburu au Garissa. Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Anaendelea alipoachia, na hakuna muuguzi mwenye ruhusa ya kumgombeza mama kwa kuchelewa. Kidonda cha chanjo ya kifua kikuu kikitoa usaha kidogo baada ya wiki kadhaa, kiacheni, msipake kitu. Kinafanya kazi yake.

Mtu mmoja ameniuliza tukiwa tunanywa chai: tutajuaje kama chanjo hii haikuharibiwa na jua, kama ile ya zamani? Mama yeyote ana haki ya kuuliza hivyo, na jibu ataliona kwa macho yake. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikija kwa gari au pikipiki huwekwa kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu, na muuguzi huvitikisa kwanza mpaka asikie maji yakicheza ndani, kwa sababu barafu iliyo ngumu sana nayo huua chanjo nyingine. Kwenye chupa kuna alama ya duara yenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Joto likiipata, mraba unaanza kuwa mweusi, na ukifanana na duara, chupa hiyo inatupwa. Mwombeni muuguzi awaonyeshe. Mchanjaji wa 1910 angelipa ng'ombe wawili kupata alama kama hiyo.

Chupa ya surua ina dozi za watoto kumi, ni unga unaochanganywa na maji yake, na ikishachanganywa ina saa sita tu, kisha inamwagwa. Ndiyo maana wauguzi wengine huwaambia akina mama wasubiri mpaka watoto wafike kumi. Kwa maoni yangu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema vivyo hivyo, bora dozi tisa zimwagwe kuliko mtoto mmoja arudishwe fora bila kinga.

Naona muuguzi ameshavaa glavu na ananitazama saa. Wenye watoto wa miezi tisa na wa miezi kumi na minane watangulie mbele, upande wa kivuli, na vitabu vyao mkononi. Asiye na kitabu aje vilevile, atapewa kingine. Chupa ya kwanza inafunguliwa sasa hivi.